Kuomba Ruzuku ya Mradi wa Ajira kwa Vijana Walio Katika Mazingira Magumu: Mwongozo kwa Asasi za Mtwara na Lindi

Viongozi wa vikundi na asasi changa kutoka Newala, Ruangwa, Kilwa na Mtwara Mjini wanapotafuta ushauri kuhusu ruzuku, maswali yao huwa yale yale: fedha zinatolewa na nani, andiko linaanzia wapi, zinahitajika nyaraka gani, na kwa nini waliomba mwaka jana na hadi leo hawajajibiwa. Mwongozo huu umeandikwa ili mwenye maswali hayo apate pa kuanzia na aweze kufuata hatua moja baada ya nyingine hadi andiko lifike mezani kwa mfadhili. Unawahusu wanaotaka kuwaingiza kazini vijana walioacha shule, mabinti waliojifungua wakiwa wadogo, vijana wenye ulemavu, vijana wa kaya maskini zilizoandikishwa na Mfuko wa Maendeleo ya Jamii (TASAF), waliokua bila wazazi, na waliomaliza vifungo wakarudi mtaani bila shughuli yoyote.

Jambo moja litajirudia humu kwa sababu ndilo linaloyatenga maandiko yanayofadhiliwa na yale yanayowekwa kando. Mradi wa ajira hupangwa kuanzia kwenye kazi yenyewe, kisha ukarudi nyuma hadi kwa kijana. Maandiko mengi ya huku kwetu yanakwenda kinyume: yanaanza na idadi ya vijana, yanaendelea na mafunzo ya ushonaji ya miezi mitatu, yanamalizia na ugawaji wa vyeti mbele ya mgeni rasmi, na msomaji anabaki akijiuliza ni nani atakayewapa kazi mafundi cherehani arobaini ndani ya kata moja.

Tenganisha ruzuku na mkopo

Wengi huchanganya ruzuku na fedha za halmashauri. Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, inaitaka kila halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa ajili ya mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu. Fedha hizo hurejeshwa, na kikundi kisichorejesha kinawafungia njia wenzao wanaosubiri. Ruzuku hairejeshwi, ila kila shilingi yake inatolewa hesabu, na matumizi yaliyo nje ya bajeti iliyokubaliwa mfadhili anaweza kukudai.

Viwili hivi vinaweza kufuatana vizuri, ambapo ruzuku inagharamia mafunzo na zana, kisha mkopo wa halmashauri unakuwa mtaji baada ya kikundi kuanza kupata wateja. Usiwatangulize vijana kwenye deni kabla hawajapata mteja hata mmoja.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza kuandika

Usianze kuandika andiko ukitumaini kwamba nyaraka zitapatikana njiani. Matangazo mengi ya ruzuku hukaa wazi kwa wiki chache tu, na muda huo hautoshi kufuatilia cheti au barua kutoka ofisi ambayo mhusika wake yuko safarini. Kusanya kwanza haya:

- Cheti cha usajili kilicho hai. Asasi isiyo ya kiserikali husajiliwa kwa Sheria Na. 24 ya mwaka 2002 chini ya Msajili wa NGOs katika Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum, na tangu marekebisho ya mwaka 2019 cheti hudumu miaka 10. Kikundi cha kijamii husajiliwa kwenye halmashauri kupitia Maendeleo ya Jamii. Wafadhili wengi hutaka NGO, kwa hiyo kama ninyi ni kikundi, soma kwanza sehemu ya matatizo iliyo mwishoni mwa mwongozo huu.
- Katiba, orodha ya viongozi, na muhtasari wa kikao kilichoridhia kuomba ruzuku, ukiwa umesainiwa na wajumbe waliohudhuria.
- Akaunti ya benki kwa jina la asasi, yenye watia saini wasiopungua wawili. Mwenyekiti na mhasibu wakiwa mume na mke, rekebisheni hilo mapema, maana mfadhili ataliona.
- Namba ya mlipakodi, yaani TIN, ya asasi yenyewe na wala si ya mwenyekiti.
- Hesabu zilizokaguliwa na taarifa ya mwaka ya kazi. Asasi ambayo haijawahi kukaguliwa ianze na daftari la fedha lililokamilika, risiti zilizopangwa kwa tarehe, na taarifa za benki za mwaka mzima.
- Barua ya utambulisho kutoka kwa Mkurugenzi wa Halmashauri. Barua hii hupitia kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, hivyo mwoneni yeye kwanza.
- Sera fupi ya ulinzi wa watoto na vijana inayoeleza nani anapokea malalamiko na hatua gani huchukuliwa dhidi ya mtumishi anayemnyanyasa kijana. Kurasa mbili mnazozifuata kwa vitendo zinatosha.

Hatua ya 1: Tafuta kazi kabla ya kutafuta vijana

Chukua daftari, utembee. Kazi hii haifanyiki ofisini, na ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote.

Chagua aina tatu au nne za shughuli zilizoko katika eneo lako, kisha uwaendee wenye shughuli hizo mmoja mmoja. Masasi na Nachingwea kuna gereji za pikipiki na bajaji, mafundi wa kuchomelea, mashine za kukamua ufuta na maghala. Tandahimba na Newala maisha yanazunguka korosho, na kazi hazipo shambani peke yake, kwani wapo wanaobangua, wanaotengeneza mashine za kupulizia dawa, wanaopakia na wanaosafirisha. Kilwa na ukanda wa pwani kuna mwani, samaki, ujenzi wa mitumbwi na nyumba za wageni. Mtwara Mikindani kuna bandari, ujenzi, hoteli na mafundi wa viyoyozi.

Ukifika gereji, usiulize kama wanahitaji vijana, kwa sababu kila mtu atakujibu kwamba vijana wapo wengi. Uliza kazi ipi inawashinda. Fundi wa pikipiki karibu na stendi anaweza kukuonyesha pikipiki mbili zilizoegemezwa ukutani tangu juzi, waya zikiwa zimening'inia chini ya tangi, akakwambia, "Mwanangu, wa kubadilisha tairi ninao watatu, lakini umeme huu nausubiri mtu mmoja tu, naye hana nafasi mpaka Alhamisi." Sentensi hiyo ina thamani kuliko kurasa tano za takwimu za ukosefu wa ajira nchini. Imekuonyesha ujuzi uliopungua, mahali ulipopungua, na mtu aliye tayari kumpokea atakayeujua.

Kwa kila uliyemtembelea andika majibu ya maswali haya: ni kazi gani inakosa mtu wa kuifanya, anayeanza hulipwa nini, kwa siku au kwa kipande, mwanafunzi hukaa muda gani kabla ya kuachiwa kazi peke yake, mwenye gereji au duka yuko tayari kumpokea binti, au kijana mwenye ulemavu, na kama hayuko tayari, ni nini kinachomzuia, na je, atakubali kuandika barua ya dhamira ya kupokea vijana wawili au watatu kwa mafunzo ya uanagenzi, yaani kujifunza kazi chini ya fundi. Barua hiyo, hata ikiwa imeandikwa kwa mkono na kupigwa mhuri wa duka, iambatishe kwenye andiko.

Kwa mwajiri mkubwa una hoja nyingine. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na watu wenye ulemavu wasiopungua asilimia 3 ya wafanyakazi wake. Meneja rasilimali watu wa kiwanda au hoteli analijua sharti hili, na mara nyingi anachokosa ni mtu wa kumletea vijana walioandaliwa. Jiweke katika nafasi hiyo.

Onyo moja linawahusu hasa watu wa mikoa hii. Usijenge andiko lako juu ya ajira za gesi. Visima vya Mnazi Bay, mtambo wa Madimba na ule wa Songo Songo vipo na vinafanya kazi, lakini mtambo ukishajengwa huendeshwa na mafundi wachache wenye elimu ndefu, na mradi mkubwa wa kusindika gesi unaotarajiwa Likong'o, Lindi, hauwezi kumpa kijana wako kazi ndani ya miezi 12 ya ruzuku. Vijana wa kusini wameahidiwa mengi juu ya gesi, na kuwaahidi tena kitu usichokishika mkononi ni kuwaumiza.

Hatua ya 2: Wajue vijana wenyewe, na kinachomzuia kila mmoja

Sasa nenda kwa vijana. Anza na mtendaji wa kijiji au mtaa, Afisa Ustawi wa Jamii, na walimu waliowaona wakiacha shule. Orodha utakayopewa na uongozi usiichukue kama ilivyo, kwa sababu kijana aliye hoi zaidi ndiye asiyefika kwenye mikutano na ndiye ambaye jina lake halikumbukwi. Weka vigezo kwa maandishi, vibandikwe ofisi ya kijiji, na uteuzi ufanywe na kamati yenye wajumbe kutoka nje ya asasi yako.

Kisha ongea na kila kijana kwa utulivu, mahali ambapo hatasikiwa na wengine, na umuulize ni nini kilichomfanya asipate au asidumu kwenye kazi. Majibu yatakushangaza kwa udogo wake. Binti mwenye mtoto wa mwaka mmoja anakosa mtu wa kumwachia mtoto saa za asubuhi. Kijana kutoka kijiji cha mbali anakosa nauli ya wiki ya kwanza, kabla hajalipwa. Mwingine hana kitambulisho cha Taifa, na bila namba ya NIDA hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake wala kufungua akaunti ya kulipiwa mshahara. Mambo haya yote yana gharama, na gharama hizo ndizo zinazotakiwa kuonekana kwenye bajeti yako. Mradi unaotoa mafunzo mazuri lakini ukasahau malezi ya mtoto utawapoteza mabinti kabla ya mwezi wa pili kwisha.

Zingatia umri. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na hapaswi kupelekwa kwenye kazi za hatari kama kuchomelea au kubeba mizigo mizito. Kama una walengwa wa miaka 15 hadi 17, waandalie njia yao, ikiwemo kurudi shuleni. Tangu Novemba 2021 Serikali imewaruhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa ujauzito kurejea katika shule za kawaida, na kwa binti mdogo hiyo inaweza kuwa njia bora kuliko cherehani.

Taarifa zao zitunze. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inakutaka upate ridhaa ya mtu kabla ya kukusanya na kusambaza habari zake. Picha ya binti na mtoto wake, pamoja na jina la kijiji na maelezo kwamba anaishi na virusi vya UKIMWI, haina nafasi kwenye andiko hata kama unadhani itamgusa mfadhili. Andika "binti wa miaka 19 kutoka Wilaya ya Kilwa", inatosha.

Hatua ya 3: Chagua mfadhili anayelingana nawe

Kuna makundi kadhaa. Lipo shirika la ndani, Foundation for Civil Society lenye ofisi zake Dar es Salaam, ambalo limekuwa likitoa ruzuku kwa asasi za kiraia nchini kwa zaidi ya miaka 20. Zipo ruzuku ndogo za balozi: Kanada wana mfuko wa miradi ya kienyeji, Australia wanahudumia Tanzania kupitia ubalozi wao ulioko Nairobi, na Japani wana ruzuku ya miradi ya jamii inayoelekezwa zaidi kwenye majengo na vifaa, hivyo usiwaombe mishahara. Yapo pia makampuni yenye shughuli katika mikoa yetu, ambayo hutenga fedha kwa ajili ya jamii zinazoyazunguka.

Usitegemee orodha za zamani zinazosambazwa kwenye makundi ya simu. Shirika la Misaada la Marekani, USAID, lilisitisha miradi yake mingi duniani mwanzoni mwa 2025 na shughuli zake zikafungwa mwaka huo huo, na bado wapo wanaopeana anwani za programu zake.

Soma tangazo lote mara mbili, ukiwa na kalamu. Weka alama kwenye kiwango cha chini na cha juu cha fedha, aina ya asasi inayokubaliwa, umri wa usajili unaotakiwa, mikoa inayohusika, gharama zisizokubaliwa, lugha ya andiko na tarehe ya mwisho. Asasi ambayo haijawahi kusimamia zaidi ya shilingi milioni 10 kwa mwaka isiombe milioni 300, hata kama tangazo linaruhusu. Omba kiasi ambacho daftari lako la fedha linaweza kukitetea.

Hatua ya 4: Andika andiko dhana la kurasa mbili

Kabla ya andiko kamili, andika kurasa mbili zinazojibu kwa mfuatano huu: kazi iliyopo, kijana asiyeifikia, kinachomzuia, utakachofanya, atakayekuwa kazini mwishoni, na gharama. Mpe asome mtu asiyejua lolote kuhusu mradi. Akikuuliza swali, jibu lake liingie kwenye karatasi.

Linganisha sentensi hizi mbili. Ya kwanza inapatikana katika maandiko mengi mno: "Mradi utawajengea uwezo vijana 100 katika stadi za maisha na ujasiriamali ili waweze kujikwamua kiuchumi." Ya pili inasema: "Vijana 12 wa kata tatu za Masasi, wakiwemo mabinti 5 wenye watoto, watajifunza umeme wa pikipiki na bajaji kwa miezi 6 katika gereji 5 zilizoandika barua za kuwapokea, na miezi 6 baada ya mafunzo angalau 8 kati yao watakuwa wanapata kipato kila wiki kutokana na kazi hiyo." Ya pili inaweza kukaguliwa, na ndiyo maana inaaminika.

Kama mafunzo yanahitaji chuo, taja chuo na mlichokubaliana. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, ina vyuo Mtwara na Lindi, na vipo vyuo vya maendeleo ya wananchi kama Masasi na Chilala ambavyo hupokea hata wasio na vyeti vya sekondari. VETA pia hupima na kurasimisha ujuzi uliopatikana gereji au kwenye ujenzi, jambo linalomfaa sana kijana ambaye mikono yake inajua kazi lakini hana karatasi ya kuonyesha. SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo lenye ofisi katika mikoa yote miwili, inafaa pale vijana wanapotaka kusindika au kutengeneza vifaa.

Hatua ya 5: Tengeneza bajeti kuanzia kwa kijana mmoja

Anza na swali la kijana mmoja anahitaji nini ili afike kazini, kisha zidisha. Tarakimu hizi ni za mfano, nawe utaweka bei za eneo lako:

- Nauli na chakula: sh. 5,000 kwa siku × siku 22 × miezi 6 × vijana 12 = sh. 7,920,000
- Malipo ya fundi anayefundisha: sh. 50,000 kwa mwezi × miezi 6 × vijana 12 = sh. 3,600,000
- Seti ya zana: sh. 250,000 × 12 = sh. 3,000,000
- Vifaa vya kinga: sh. 60,000 × 12 = sh. 720,000
- Ufuatiliaji baada ya mafunzo: sh. 30,000 kwa mwezi × miezi 6 × vijana 12 = sh. 2,160,000

Jumla ni sh. 17,400,000, sawa na sh. 1,450,000 kwa kijana. Endelea na hesabu nyingine ambayo mfadhili ataifanya hata usipomwandikia: kama 8 ndio watakaopata kazi, kila ajira imegharimu sh. 2,175,000. Je, unaweza kuitetea? Ukiweza, iandike mwenyewe kwenye andiko. Baada ya hapo ongeza gharama za malezi ya watoto, usimamizi na ukaguzi kwa kiwango kinachoruhusiwa na tangazo.

Makosa matatu hujirudia katika bajeti. La kwanza ni posho za vikao na semina kuchukua sehemu kubwa kuliko zana za vijana. La pili ni kuandika "vifaa mbalimbali" bila kuvitaja, ilhali kila mstari unatakiwa kuwa na kipimo, idadi na bei, pamoja na ankara kifani, yaani makadirio ya bei yaliyoandikwa na muuzaji kabla ya kununua, za maduka matatu kwa vitu vikubwa. La tatu ni kusahau mchango wenu wenyewe. Chumba cha ofisi, muda wa wanaojitolea na gereji zilizotolewa bure ni mchango, vipeni thamani na mviandike.

Hatua ya 6: Panga ratiba kwa kufuata msimu

Mpango kazi unaoandikwa bila kutazama msimu huanguka. Minada ya korosho huanza Oktoba, na kuanzia hapo hadi mwisho wa mwaka vijana wengi wa Tandahimba, Newala na Masasi wako mashambani, maghalani au kwenye usafirishaji, na wazazi wao hawatakubali wakae darasani. Mikoa yetu ina msimu mmoja wa mvua, takriban Novemba au Desemba hadi Aprili, wakati ambapo barabara za Liwale na za vijijini huwa ngumu. Mafunzo mazito yapange kati ya Mei na Septemba, huku ukikumbuka kwamba sehemu za Lindi zinauza ufuta katikati ya kipindi hicho.

Kwenye sehemu ya vihatarishi usinakili maneno ya jumla. Mwanzoni mwa Mei 2024, mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya zilikata barabara kuu ya Lindi kwenda Dar es Salaam eneo la Somanga. Mradi unaosubiri zana kutoka Kariakoo uzinunue kabla ya masika, na ulieleze hilo kwenye andiko.

Hatua ya 7: Eleza utakavyojua kwamba kijana yuko kazini

Hapa amua kwanza maana ya neno kazi. Siku tatu za kubeba saruji si ajira. Andika kwa mfano kwamba kijana atahesabiwa yuko kazini ikiwa amepata kipato kutokana na ujuzi aliojifunza kwa wiki zisizopungua 3 katika kila mwezi, kwa miezi 3 mfululizo. Taja atakayethibitisha, ambaye ni vema akawa mwajiri au fundi pamoja na kijana mwenyewe. Hesabu zifanyike mwezi wa tatu na wa sita baada ya mafunzo, na mabinti wahesabiwe peke yao ili waliobaki nyuma waonekane.

Hatua ya 8: Wasilisha

Tuma siku tatu kabla ya mwisho, kwa sababu umeme na mtandao havikusubiri. Hakikisha jina la asasi linasomeka sawasawa kwenye cheti, akaunti na andiko, majedwali ya bajeti yanajumlishika, na viambatisho vyote vinafunguka kwenye simu ya mtu mwingine. Tunza nakala na uthibitisho wa kupokelewa.

Hatua ya 9: Ukikubaliwa, soma mkataba kabla ya kusaini

Tazama tarehe za taarifa, utaratibu wa kuhamisha fedha kutoka mstari mmoja wa bajeti kwenda mwingine, na masharti ya manunuzi. Kanuni za NGOs za mwaka 2018 zinaitaka asasi inayoingia mkataba wa fedha unaozidi shilingi milioni 20 kuuwasilisha kwa Msajili na Hazina ndani ya siku 10. Fika ofisi ya Mamlaka ya Mapato (TRA) ya mkoa uulize kodi zinazowahusu, hasa kodi ya zuio, yaani ile mlipaji anayoikata kabla ya kulipa, kwenye huduma na pango na makato ya mishahara, kabla hamjafanya malipo ya kwanza. Dai risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi, kwa kila ununuzi. Masurufu yasirejeshwe kwa maneno, na atakayechukua fedha ya safari alete stakabadhi kabla ya kupewa nyingine.

Matatizo yanayojitokeza na namna ya kuyatatua

*Sisi ni kikundi, na tangazo linataka NGO.* Tafuteni NGO iliyosajiliwa inayofanya kazi katika wilaya yenu, muombe pamoja mkiwa wabia. Andikianeni makubaliano kabla ya kutuma: nani atafanya nini, fedha ngapi zitafika kwenu, na lini. Ubia wa mdomo huvunjika siku fedha zinapoingia.

*Tumeambiwa tulipe kwanza ili faili lifunguliwe.* Msilipe. Mfadhili wa kweli hatozi ada ya kupokea maombi, wala hawatumi watu kukusanya fedha kwa simu. Hifadhini ujumbe huo, thibitisheni kupitia anwani rasmi ya mfadhili, na mtoe taarifa polisi.

*Tumekataliwa.* Andikeni barua fupi ya shukrani mkiomba maelezo ya alama zenu. Si wote watakaojibu, lakini jibu moja lenye sababu linatosha kurekebisha andiko la pili. Msilitume andiko lile lile kwa mfadhili mwingine kwa kubadilisha jina tu juu ya ukurasa.

*Fedha zimechelewa na vijana wanasubiri.* Msianze kwa kukopa. Waambieni vijana ukweli kwa tarehe, andikeni kwa mfadhili kuomba ratiba isogezwe, na endeleeni na yasiyo na gharama: kufuatilia namba za NIDA, kukutana na waajiri, na kurekebisha vigezo.

*Vijana wanaacha mafunzo.* Mfuateni kila mmoja nyumbani ndani ya wiki ya kwanza ya kutoonekana. Mara nyingi utakuta sababu ni nauli, mtoto au ugonjwa nyumbani, na mara nyingine ni fundi anayewatuma kuchota maji siku nzima badala ya kuwafundisha. Hilo la mwisho limalizeni na fundi siku hiyo hiyo, na kama hasikii, mhamisheni kijana.

*Mwajiri aliyeandika barua amebadilisha mawazo.* Ndiyo maana mnatakiwa kuwa na barua nyingi kuliko nafasi mnazohitaji. Mjulisheni mfadhili mapema kwa maandishi, mkitaja aliyejitoa na anayechukua nafasi yake.

*Fedha zimebaki mwisho wa mradi.* Msizitumie kwa haraka kununua viti vya ofisi. Ombeni kibali cha kuongeza miezi ya ufuatiliaji au zana kwa vijana waliochelewa kuanza, na kama kibali hakikupatikana, zirudisheni na mtunze hati ya benki inayoonyesha zimerudi.